Sikio la Gunnvor

Sehemu ya Saba

Simu iko mezani, kati ya kikombe cha kahawa na kopo la maji la mgonjwa. Hapo ndipo tulipoachana, na najua wengine mlinuna. Mama mmoja wa hapa hapa Sundvåg alinishika mkono dukani, mbele ya friji la maziwa, akaniuliza bila hata salamu, "Niambie tu. Anaibonyeza au haibonyezi?"

Anaibonyeza.

Lakini ngoja kwanza niwachukue waliokosa gazeti. Gunnvor Teigland, miaka hamsini na miwili, ni muuguzi anayepokea simu za dharura. Huu ni mwaka wake wa ishirini na nne kwenye kiti kile, na wenzake wamempa jina: Sikio. Jumapili moja ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, mzee mmoja alipiga simu, maneno yanamteleza mdomoni. Sikio likasema, huyu amelewa. Haikuwa pombe. Kilikuwa kiharusi. Torleiv Haukås, fundi mstaafu wa injini za kivuko, alilala kwenye sakafu ya jikoni kwake saa sita nzima mpaka jirani alipochungulia dirishani. Leo mkono wake wa kulia umekufa ganzi, na katika maneno yote aliyokuwa nayo amebakiwa na moja tu: "Samahani."

Dhamira ikamtafuna Gunnvor. Akajiandikisha kama mgeni wa kujitolea katika nyumba ya utengamao, ya kuwafundisha wagonjwa upya kutembea na kuongea, alikolazwa mzee. Hii ni wiki ya tano anamlisha uji, anamsomea matangazo ya vifo gazetini, anamvisha soksi za sufu. Ingunn, binti wa mzee, anamwona kama malaika. Anajua jina lake. Kuhusu kazi yake anajua neno moja tu: ofisini.

Haya. Turudi chumbani.

"Wameniletea leo asubuhi," Ingunn alisema, kidole kikielea juu ya kioo cha simu. "Rekodi yenyewe ya simu ya baba. Nimeshindwa kuisikiliza peke yangu. Kaa nami, Gunnvor. Wewe una roho ngumu."

Torleiv alikuwa ghorofa ya chini kwenye zoezi la kuongea. Chumbani walikuwa wao wawili.

"Labda usiisikilize," Gunnvor alisema. "Kuna vitu vikishaingia kichwani havitoki."

"Kwani hivi vilivyomo vimetoka?"

Akabonyeza.

"Dharura ya tiba. Kuna nini?"

Sauti ya mwanamke. Kavu, ya haraka, kama ya karani anayefunga dirisha.

Pumzi nzito. Kwa mbali, muziki wa kodiani.

"Sa... samahani. Mi... mko... mkono..."

"Sema vizuri. Unaitwa nani?"

"Tole... Tol... samahani, si... sitaki kusu..."

"Umekunywa kiasi gani?"

Pumzi tu. Na kodiani.

"Nakuuliza umekunywa kiasi gani. Ni saa nne asubuhi ya Jumapili, bwana. Hii laini ni ya watu wanaoumwa. Kunywa maji, ulale. Sawa?"

"Sa... wa. Samahani."

"Haya."

Ikakatika. Sekunde arobaini na nane.

Gunnvor alikuwa akiikumbuka simu ile neno kwa neno, au ndivyo alivyodhani. Lakini ile "haya" hakuikumbuka. Ile "haya" ya mtu anayetupa ganda la yai. Na kile kilichokuwa nyuma! Katika taarifa yake aliyoiandika siku ya pili yake alisema alisikia kelele za sherehe. Hakudanganya, msomaji. Alisikia kweli sherehe, glasi, watu wanacheka. Leo alisikia redio ndogo ya jikoni ikipiga kodiani ya kipindi cha Jumapili.

Akasubiri. Sasa atageuka, alijiambia. Sasa ataniangalia usoni.

Ingunn hakugeuka. Aliirudia rekodi. Akairudia tena. Kisha akaufunika uso kwa mikono miwili.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Gunnvor alinong'ona.

"Umesikia alivyo?"

"Ni... mkavu sana, huyo mwanamke."

"Namsema baba!" Ingunn aliinua uso, macho mekundu. "Mtu anakufa, anaomba radhi! Anakufa, anaaga kwa adabu! Baba yangu huyo. Nyumba ingeshika moto angewaambia wazimamoto wasihangaike kuja, barabara ina barafu."

Akacheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio.

Hakuitambua sauti! Sauti aliyokunywa nayo kahawa wiki tano! Ninyi mtasema haiwezekani. Mimi nasema inawezekana sana. Ingunn aliingia kwenye ile rekodi akimtafuta mchawi, na akampata mchawi wake. Hakuwa na sababu ya kumtafuta mwanamke aliyeketi ubavuni pake akimshikia kitambaa cha machozi.

Gunnvor alishusha pumzi. Alijiona amenusurika, na papo hapo akajichukia kwa kuona hivyo.

"Nikwambie kitu?" Ingunn alisema. "Sijamwambia mtu."

"Niambie."

"Alinipigia mimi kwanza."

Gunnvor alimgeukia.

"Saa tatu na dakika hamsini. Niliona jina lake. Nikaiacha ilie."

"Ulikuwa na shughuli."

"Shughuli gani? Nilikuwa nimekaa mezani na mkate wangu na jibini. Naiangalia simu inavyotetemeka. Mpaka ikanyamaza."

"Kwa nini, Ingunn?"

Ingunn alijifuta pua kwa mkono wa sweta, kama mtoto, naye ni mtu mzima wa miaka thelathini na nane, mpima ardhi, anayewaamrisha wanaume kumi porini.

"Wewe hujui baba anavyoanza simu. Hasemi hujambo. Anasema, 'Sikusumbui?' Kila simu. Tangu mama afariki, mimi nikahamia mjini, miaka kumi na mmoja sasa. 'Sikusumbui, Ingunn?' Na mimi kila nikilisikia hilo, nasikia lingine. Nasikia: binti gani wewe, umeniacha na nyumba tupu, hata simu yangu ni kero kwako. Najiona mshenzi. Na mtu akijiona mshenzi hajibu vizuri. Namjibu kwa ukali, 'Sema tu, baba!' Naye anaharakisha. Ananipa maneno mawili ya theluji, moja la jirani, anakata. Asubuhi ile sikutaka tu kujisikia vile. Jumapili yangu nzuri, nikajisemea nitampigia jioni."

"Hakukulaumu," Gunnvor alisema taratibu. "Nadhani alikuwa anauliza tu."

"Najua! Nimejua leo! Kwa huyo mwanamke hakumlaumu mtu, sivyo? Kwa mgeni kabisa, na ulimi umeshapooza, bado alikuwa anauliza kama anasumbua. Kumbe siku zote alikuwa akiogopa kunipigia, na mimi nikiogopa kupokea. Miaka kumi na mmoja!"

Mkono wa Gunnvor uliinuka wenyewe kumshika bega. Ukaishia hewani. Mkono ule ulikuwa na haki gani? Akaurudisha mapajani kama kitu alichokiazima.

Basi, Ingunn akajikaza. Akachukua karatasi kwenye mkoba.

"Alhamisi kuna kikao. Kamati ya malalamiko. Wameniambia nilete barua. Niandikie wewe, Gunnvor. Mimi nikiandika natukana."

"Mimi?"

"Wewe una maneno mazuri. Andika kuhusu huyo, wanamwita nani, mhudumu wa kumi na nne. Jina wananificha."

Hapa mwandishi wenu alikaa muda kabla ya kuandika. Gunnvor angeweza kusema kichwa kinamuuma. Angeweza kuangalia saa. Badala yake alichukua kalamu, akainama, akaandika. Akaandika bila kusimama, mistari imebanana, kalamu ikizama kwenye karatasi. Kwa wiki tano hakuwa na mtu wa kumwambia maneno yale, na sasa ameombwa ayaseme!

Alipomaliza Ingunn akaisoma kwa sauti.

"'Mhudumu wa kumi na nne hakuuliza swali hata moja la kitabibu. Hakumwambia mgonjwa atabasamu, hakumwambia ainue mikono yote miwili. Mgonjwa alitamka neno mkono, na hakusikilizwa.'" Akatulia. "Alitamka mkono? Mimi sikusikia." Akaendelea. "'Jina na anwani vilikuwa kwenye kioo mbele yake. Hakuviangalia, kwa sababu alikuwa ameshahukumu. Mtu huyu anajipenda kwa sifa ya kutokosea. Hastahili kukaa tena kwenye kiti kile hata siku moja.'"

Ingunn akaishusha karatasi.

"Hapo mwisho umezidi, mwenzangu."

"Sijazidi."

"Naye ni binadamu. Nina hasira naye, nampiga kofi nikimwona, lakini ni binadamu. Labda alikuwa hoi. Hawa wanakesha."

"Hakuwa hoi! Usimtetee!" Gunnvor alisimama. "Alikuwa na saa mbili tu kazini! Alilala vizuri, alikunywa chai yake, hakukuwa na simu nyingine hata moja inayosubiri!"

Ingunn aliiweka karatasi mezani.

Nje kivuko cha saa nane kilipiga honi kikiingia gatini.

"Wewe," Ingunn alisema polepole, "umejuaje?"

Uongo ulimjia Gunnvor mara tatu. Nilisoma mahali. Nina rafiki pale. Nimebahatisha tu. Uongo wote huo ulikuwa mzuri, ungepita. Akaufungua mdomo ili autumie ule wa pili.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Mhudumu wa kumi na nne."

Ingunn alitabasamu. Ndiyo, alitabasamu! Alidhani ni mzaha mbaya wa mtu aliyechoka. "Acha, Gunnvor. Leo sina nguvu za mzaha."

Hakuamini. Na Gunnvor akaona kwamba hataamini, kwa maana malaika alikuwa ameshajengwa kichwani mwa yule binti na hakuna neno la kawaida litakalombomoa. Ikabaki njia moja. Alinyoosha mgongo. Ile sauti laini ya kunong'ona aliyoingia nayo katika chumba hiki kwa wiki tano akaiweka pembeni, akaitoa ile nyingine.

"Dharura ya tiba. Kuna nini?"

Tabasamu likamtoka Ingunn usoni kama limefutwa kwa kitambaa.

Na mlango ukafunguka.

Torleiv aliletwa na kiti chake cha magurudumu, muuguzi kijana nyuma yake amejaa furaha. "Leo baba amejitahidi, jamani! Amesema herufi tano na..." Muuguzi akaziona nyuso. Akakiegesha kiti kando ya dirisha, akatoka kinyumenyume, akaufunga mlango kwa upole.

"Wiki tano," Ingunn alisema. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Umemvisha soksi baba yangu."

"Ndiyo."

"Umekula keki ya siku yangu ya kuzaliwa."

"Ndiyo."

"Ulikuja kutafuta nini hapa? Umemfanya baba yangu dawa yako ya usingizi?"

Gunnvor alikuwa na jibu refu. Alikuwa amelifanyia mazoezi garini, safari baada ya safari. Likamkimbia lote.

"Ndiyo," alisema. "Siku ya kwanza nilikuja kusema. Nikamkuta anatabasamu kwa upande mmoja. Nikasema kesho. Kesho yake nikakukuta wewe, ukanishukuru. Hakuna aliyewahi kunishukuru vile. Nikasema kesho tena."

"Na kwa nini mlevi? Hilo ndilo nataka kujua! Baba hanywi hata bia ya Krismasi! Ulimsikiaje mlevi?"

"Sikumsikia baba yako," Gunnvor alisema. "Nilimsikia wangu."

Ingunn alikunja mikono kifuani, akingoja.

"Alikuwa akinipigia kutoka kwenye baa za bandarini. Nina miaka kumi, kumi na mmoja, mama yuko kiwandani. 'Samahani, Gunnvor wangu. Sitaki kukusumbua, mwanangu.' Ulimi mzito hivyo hivyo, na muziki nyuma hivyo hivyo. Kisha nakwenda kumchukua, nakuta ametapikia viatu. Nilijifunza kumjua kwa pumzi kabla hajasema neno. Nikiwa kazini watu wakanisifu: Gunnvor ana sikio, mlevi humjua kwa pumzi. Nikaipenda hiyo sifa. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho mimi ambacho wengine hawana. Sasa mzee anapiga, anasema samahani, sitaki kusumbua, na kodiani inapiga... Nilimjibu mtu aliyekufa miaka ishirini iliyopita, Ingunn. Baba yako ndiye aliyepokea jibu."

"Unataka nikuonee huruma?"

"Hapana. Umeuliza."

"Toka."

Gunnvor akachukua koti. Akainama kwenye mlango kutafuta viatu vyake, akaanza kuvivaa.

Pa!

Wote wawili waliruka. Torleiv alikuwa amepiga kiganja cha kushoto juu ya meza. Kopo la maji likapinduka. Mzee wa miaka sabini na mmoja, ambaye hakuna kiumbe aliyewahi kumwona na hasira, alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Baba, tulia! Umesikia yote? Umesikia huyu ni nani?"

Akainamisha kichwa: ndiyo.

"Baba..." Ingunn alimsogelea, akapiga magoti mbele ya kiti. Alikuwa ameanza kuelewa, na hakupenda alichokielewa. "Ulijua?"

Ndiyo.

"Tangu lini? Tangu wiki hii?"

Hapana.

"Tangu siku ya kwanza?"

Ndiyo. Aligusa sikio lake kwa kidole, akakielekeza kwa Gunnvor pale mlangoni.

Gunnvor alizihesabu upya zile wiki tano. Kila kijiko cha uji. Kila ukurasa wa gazeti. Mzee alimtazama na kumtabasamia nusu tabasamu, akijua. Na yeye alidhani anamficha! Alimwona Torleiv kama kiti, kama kitanda, kitu cha kuhudumiwa kisichosikia. Mara ya pili. Alimkosea mtu yule yule mara ya pili.

"Kwa nini hukunionyesha, baba? Ungenionyesha hata kwa kidole! Umemwacha akukalie hapa!"

Torleiv akafungua mdomo, na sisi wote tunajua neno litakalotoka. Shavu likamvutika. Akalifunga. Alikataa kulisema. Badala yake aliikokota ile simu juu ya meza yenye maji, kwa mkono wa kushoto, akaisukuma mpaka kwenye magoti ya binti yake. Akagonga kioo chake. Akagonga kifua chake mwenyewe. Akamwangalia.

Ingunn akaelewa. Kumbe katika mambo yote, ile simu aliyompigia yeye kwanza ndiyo iliyokuwa ikimkaa mzee rohoni muda wote huu.

"Niliiona, baba," alisema, na sauti ikamkatika. "Nililiona jina lako. Nikaiacha ilie. Nilidhani unanilaumu. Siku zote nilidhani unanilaumu."

Uso wa Torleiv ukashangaa. Hivyo tu. Alishangaa kabisa, kama mtu aliyeambiwa kwamba kivuko alichokifanyia kazi miaka arobaini kilikuwa kinakwenda mji mwingine. Akatikisa kichwa, hapana, hapana, hapana, mpaka machozi yakamtoka kwa jicho moja, akakivuta kichwa cha binti yake akakibana kwenye sweta lake.

Gunnvor alisimama na kiatu kimoja mguuni. Hakujua aondoke au abaki. Ilikuwa haimhusu, na ilikuwa imetokana naye.

"Gunnvor," Ingunn alisema bila kuinua kichwa. "Toka. Sisemi milele, sijui. Lakini leo toka."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi utakaa upande wa pili. Utasema ulichoniambia mimi. Chote."

"Nitasema."

"Na barua nitaipeleka vile vile ulivyoiandika."

Hapo ungedhani Gunnvor angekwenda nyumbani akajifungia. Hapana. Aliendesha gari moja kwa moja mpaka kazini. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu alijisikia mwepesi kidogo. Hakusamehewa, na hakujidanganya kwamba amesamehewa. Lakini kosa lake sasa lilikuwa na ukubwa unaojulikana. Lilikuwa moja, lina jina la mtu, lina tarehe. Kosa la namna hiyo mtu anaweza kulibeba.

Oddrun Myklebost, mkuu wa kituo, alikuwa ofisini kwake akimwagilia maua. Ni mwanamke mpole, mnene, anayefuma masweta kwenye mikutano. Walianza kazi pamoja, wiki ile ile.

"Naifuta taarifa yangu," Gunnvor alisema akiwa bado mlangoni. "Hapakuwa na sherehe. Nimeisikiliza rekodi. Alhamisi nitasema ukweli. Nitasema nilimhukumu kwa sababu nilijiamini kupita kiasi, na kwamba ni mara ya kwanza, na niko tayari kwa lolote."

Oddrun aliweka chini kopo la maji.

"Usiseme mara ya kwanza," alisema.

"Nini?"

"Alhamisi. Sema mengine yote. Hilo usiliseme."

"Kwa nini nisiliseme? Miaka ishirini na minne, Oddrun. Sijawahi hata..."

Aliuona uso wa rafiki yake, akasita.

Oddrun alikwenda kwenye kabati la chuma. Alitumia ufunguo mdogo. Akarudi na bahasha moja, ya kahawia, imechanika pembeni kwa kushikwashikwa.

"Kaa, Gunnvor."

"Nitasimama."

"Miaka mitatu iliyopita. Mume alipiga simu kutoka bonde la juu. Mkewe anayumba, anaongea ovyo, anacheka bila sababu. Ulimuuliza kama kuna mvinyo ndani. Akasema ndiyo, walikuwa na wageni juzi. Ukamwambia amlaze." Oddrun alikuwa akiongea na maua yake. "Ilikuwa sukari. Ilikuwa imeshuka. Alimlaza kama ulivyomwambia, akamfunika, akaenda kukata kuni. Aliporudi amekwisha."

"Hapana."

"Gunnvor..."

"Ungeniambia. Kitu kama hicho ungeniambia!"

"Ningekuambiaje?" Oddrun alipandisha sauti kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo. "Wewe ndiye Sikio! Wapya wote tunawakalisha ubavuni pako wajifunze! Kila mtu hapa ukiinua nyusi anaufyata. Mara mbili nilikuita ofisini nikwambie, mara mbili ukaingia hapo ukiwa na lile tabasamu lako, 'Haya, nani amekosea leo?' Nikakuuliza habari za likizo. Niliogopa, ndiyo. Niliogopa kukuvunja, niliogopa kukukosa. Nikaifungia kabatini."

"Na mume? Alilalamika?"

"Hakulalamika. Ndiyo maana iliwezekana kuificha. Aliandika barua moja tu, na sikumjibu."

Gunnvor aliitoa karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa mistari miwili, mwandiko wa mkono, herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika.

*Silalamiki. Naomba tu kujua jina la mama aliyeongea nami kwenye simu.*

Chini yake, sahihi: Halgeir Brekkhus.

Akalisoma jina. Akalisoma tena. Kisha akakaa, pale pale, juu ya rundo la mafaili.

Anamjua. Mtaani kwake wote wanamjua. Ni yule mjane aliyeuza shamba lake bonde la juu na kuhamia mwezi wa kumi katika nyumba ya njano, ya tatu kutoka kwa Gunnvor. Anafuga kuku. Kila Jumamosi Gunnvor hununua kwake mayai kumi na mawili, na Halgeir humchagulia yale makubwa.

Jumamosi hii iliyopita alimfungia mayai taratibu, akampa, akamtazama machoni kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akasema kwa ule upole wake:

"Sauti yako hiyo, Gunnvor. Ningeitambua hata baada ya miaka mia."

Gunnvor alicheka, akamshukuru. Alidhani anasifiwa.